Mtungi wa Maji Yaliyochemshwa

Kila siku baada ya shule Tekla alikuwa na kazi yake. Alivua gauni la shule, akalitundika kwenye msumari, akajifunga kitambaa kiunoni, kisha akaingia uani kukanda udongo. Mama yake, Getruda, alikuwa mfinyanzi aliyejulikana kuanzia kijijini kwao Igangwe mpaka sokoni Tabora mjini. Udongo wenyewe waliuchimba mbugani. Ulikuwa mweusi, mzito, wenye kunata mikononi kama ugali wa moto. Tekla aliukanyaga kwa visigino, akatoa mizizi na vijiwe, akauchanganya na vigae vilivyotwangwa ili chungu kisipasuke motoni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la nne, na tayari aliweza kufinyanga mtungi ambao mama yake hakuona haya kuupanga pamoja na yake.

Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyetawala Tanganyika, na Igangwe ilikuwa na zahanati moja ndogo kando ya barabara ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi wakienda Ujiji. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, yenye kibaraza cha kusubiria. Mhudumu wake aliitwa Justus. Watu walimwita dresa, kwa sababu muda mwingi alikuwa akifunga vidonda, ingawa alitoa pia dawa za homa na za minyoo.

Jumamosi moja Tekla na mama yake walipeleka mitungi miwili mipya zahanati.

"Shikamoo, dresa," Tekla alisema huku akiutua mtungi wake kutoka kichwani.

"Marahaba, binti. Karibuni. Mama Tekla, afadhali umefika. Mitungi yako ni mizuri, lakini inanitesa."

"Inavuja?" mama aliuliza kwa mshtuko.

"Haivuji. Inafanana!" Dresa Justus aliwaonyesha kibarazani. Palikuwa na mitungi miwili, mmoja kila upande wa mlango. "Huu una maji yaliyochemshwa, ya kunywea dawa. Ule una maji ya kisimani, ya kunawa na kudeki. Kuni hazitoshi kuchemsha maji yote. Nikigeuka tu, mtu anachota kwenye ule wa kunawa na kumeza vidonge. Anakuja na homa, anaondoka na tumbo la kuhara. Nimeandika kwa chaki. Mtungi ukitoa jasho, chaki inafutika. Halafu wangapi wanajua kusoma? Nimefunga kitambaa chekundu; watoto wamekichukua kuchezea."

"Mtungi mmoja upake rangi," Tekla alisema.

"Nilipaka. Bi Maua, anayefanya usafi hapa, anasugua mitungi kwa mchanga kila siku, kama nilivyomwagiza, la sivyo inaota utelezi. Rangi ilitoka yote. Mama Tekla, huwezi kunifinyangia mtungi wenye rangi nyingine kabisa? Rangi ambayo bibi kizee asiyeona vizuri ataitambua?"

Mama alitikisa kichwa. "Udongo wangu ukiingia motoni unatoka mwekundu, dresa. Nikiufukiza moshi unakuwa mweusi. Ya tatu siijui."

Tekla aliitazama ile mitungi miwili, mmoja huku na mmoja kule, iliyofanana kama mapacha. Alimkumbuka bibi mmoja aliyemwona akijipapasia njia kwenye kibaraza hicho hicho, mkono wa kulia ukitafuta kata ya kuchotea maji.

"Mimi nitautengeneza," alisema.

Mama alimgeukia. Dresa alitabasamu, lakini hakucheka. "Basi ukiutengeneza," alisema, "utakuwa umewatibu watu wengi kuliko mimi."

Siku iliyofuata, baada ya misa, Tekla hakurudi nyumbani. Alikwenda nyuma ya kanisa la misheni, kwenye kiwanda cha vigae vya kuezekea, akamkuta Bruda Wenceslaus akipanga vigae kivulini. Bruda alikuwa mzee Mfipa mwenye ndevu chache na mikono iliyojaa vumbi la udongo.

"Tumsifu Yesu Kristo," Tekla alimsalimu.

"Milele, amina. Unamtafuta nani?"

Tekla alimweleza habari ya mitungi. Bruda alisikiliza bila kuacha kazi. Alipomaliza safu yake aliingia stoo, akatoka na kopo la bati lenye kutu kwenye kifuniko. Ndani mlikuwa na unga laini wa rangi ya buluu, uliokolea mpaka Tekla akasahau kupumua.

"Hii ni rangi ya udongo," Bruda alisema. "Rangi za majani na maua hufa motoni. Hii imetokana na mawe ya madini, na imekwisha kuchomwa na kusagwa kabla ya kuletwa hapa, kwa hiyo haiogopi moto. Tuliitumia kwa vigae vya altareni. Huipaki juu ya kigae, sikiliza vizuri. Unaichanganya ndani ya udongo wenyewe kabla ya kufinyanga. Ukivunja kigae, ndani ni buluu vile vile."

"Naomba kidogo, Bruda."

"Chukua yote, ndiyo iliyobaki. Nyingine siwezi kuipata mwaka huu. Lakini anza na vipande vidogo, vya ukubwa wa kidole gumba. Nitakuchomea pamoja na vigae vyangu. Usikimbilie mtungi."

Tekla alikimbilia mtungi. Alipofika nyumbani alichukua udongo mweusi wa mbugani, akamwaga unga mwingi ndani yake, akakanda. Udongo haukubadilika. Akaongeza unga. Udongo ukabaki mweusi, ila mikono yake ndiyo ikawa buluu hadi viwikoni. Akajipa moyo kwamba moto utaitoa rangi. Akafinyanga mtungi mdogo, akaukausha, akaupeleka kwa Bruda. Ulipotoka tanurini ulikuwa na rangi ya tope la mvua, si nyekundu wala si buluu.

Bruda aliuzungusha mkononi. "Udongo wa mbugani una chuma kingi," alisema. "Wekundu wake umeimeza rangi yako. Ukitaka buluu ionekane, tafuta udongo unaotoka mweupe motoni. Na safari hii, kidole gumba."

Tekla aliona haya, lakini hakukata tamaa. Jioni ile alimwuliza mama yake ni wapi wanawake huchimba udongo mweupe wa kupaka nyumba. Kesho yake alitoka mapema, akarudi na kikapu kizima. Udongo ule ulikuwa laini kama unga wa muhogo, lakini haukushikana. Kila alipojaribu kuukunja, ulikatika.

"Huo hauna nguvu," mama alisema. "Uchanganye na mwenzake. Kule kijitoni, chini ya mchanga, kuna udongo wa kijivu unaonata. Mimi huuacha kwa sababu hautoki mwekundu."

"Hautoki mwekundu!" Tekla aliruka. Alichukua jembe na kwenda.

Kuanzia hapo alifanya kazi kama alivyoagizwa. Alitengeneza vipande vidogo vya udongo. Kimoja alikitia rangi kidogo sana, kingine zaidi, kingine zaidi tena, na kila kimoja alikichora alama kwa mwiba. Vipande vya kwanza vilitoka na madoadoa kama yai la kanga, kwa sababu alikuwa ametia unga mkavu. Basi akajifunza kuukoroga unga kwa maji, akakoroga na udongo mpaka ukawa kama uji, akachanganya vyote viwili na kuvichuja kwa kitambaa. Kisha akauacha uji ule ukauke kidogo mpaka ukawa wa kukandika, akaukanda hadi mabega yakauma. Kila alipoukata kwa uzi, alichungulia ndani kutafuta michirizi. Ukiwa na michirizi, alirudia kukanda.

Siwema, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja, alikuja kumtazama. "Kwani unga huo usipoenea vizuri, kuna ubaya gani?" aliuliza.

"Mtungi utakuwa kama mbuzi wa mabaka," Tekla alimjibu. "Nataka uwe wa rangi moja, nje na ndani."

Mwishoni mwa kiangazi Bruda alimkabidhi kipande kimoja kilichotoka tanurini. Kilikuwa buluu safi, kama anga la Tabora baada ya vumbi kutulia. Tekla alikivunja kwa jiwe. Ndani pia kilikuwa buluu. Alikwenda shuleni nacho, akakionyesha darasa zima, akatangaza kwamba mtungi wa zahanati utakuwa hivyo hivyo. Habari ilimfikia dresa, naye akawaambia wagonjwa.

Tekla alitumia unga wote uliobaki. Alifinyanga mtungi wa ukubwa wa wastani, akausawazisha kwa kipande cha kibuyu, akausugua kwa kokoto laini mpaka ukang'aa. Siku ile ile ilikuja habari kwamba dada mkubwa wa mama anaumwa huko Bukene. Mama alifunga mzigo wake kwenda kupanda gari la moshi.

"Mtungi wako uweke ndani, ufunike kwa majani mabichi," alimwagiza Tekla. "Udongo huu mpya hatuujui. Ukauke polepole. Usiutoe juani hata kama mawingu yanakutisha."

Mawingu yalimtisha. Bruda alikuwa amesema kwamba tanuri litawashwa kwa mara ya mwisho kabla ya mvua, na siku yenyewe ilikuwa karibu. Tekla aliugusa mtungi, akaona bado una unyevu. Akaufunika tena. Akarudi kuugusa. Mwishowe, jua lilipokuwa kali, aliubeba hadi uani. "Kwa muda mfupi tu," alijisemea.

Alipotoka kuteka maji na kurudi, mtungi ulikuwa umepasuka kutoka mdomoni mpaka tumboni. Alipoushika, ukafunguka vipande viwili.

Tekla alikaa chini, akavitazama. Unga ulikwisha. Tanuri lingewashwa bila mtungi wake. Na watu wote walikuwa wakingoja. Kesho Siwema angemwuliza, na dresa angemwuliza, na watoto wa darasa la nne wangecheka. Alivitupa vile vipande nyuma ya banda la kuku, asivione.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kufanya. Alichukua mtungi mmoja wa mama yake, mwekundu, uliokwisha kuchomwa. Alichukua buluu ya kufulia nguo nyeupe, akaikoroga katika uji mzito wa muhogo, akaupaka mtungi ule nje, mara moja, mara mbili, mpaka wekundu wote ukafichika. Ulipokauka ulipendeza kuliko hata kile kipande cha Bruda.

Dresa Justus aliupokea kwa mikono miwili. "Kumbe umeweza!" alisema. "Rangi imo ndani ya udongo?"

"Ndiyo, dresa," Tekla alijibu, macho yake yakiwa kwenye vidole vya miguu yake.

Wagonjwa waliusifu. Bi Maua, mwanamke wa makamo aliyehamia kutoka mjini na kufanya usafi pale zahanati, alisema sasa hata akiwa na usingizi hatakosea. Mtungi wa buluu ukajazwa maji yaliyochemshwa, na mwekundu ukabaki wa kunawia. Tekla alirudi nyumbani, lakini sifa zile hazikumfurahisha. Kila akipita njia ya zahanati, aliharakisha mwendo.

Bi Maua alisugua mitungi kwa mchanga kama kawaida yake. Kwanza maji ya kusuuzia yalitoka na rangi, naye akadhani ni vumbi. Halafu buluu ikaanza kumomonyoka, ikabaki hapa na pale tu; dresa, kwa wingi wa wagonjwa, hakuiangalia. Ikaja siku ya mnada, watu wengi, dresa ameitwa kwa mama anayejifungua kijiji cha jirani. Asubuhi hiyo Bi Maua alikuwa ameitoa mitungi yote miwili uani kuisugua, na alipoirudisha kibarazani hapakuwa na buluu iliyoonekana ya kumwongoza. Akaijaza. Maji ya kisimani yakaingia upande wa kunywea dawa.

Mmoja wa waliokunywa siku hiyo alikuwa Siwema. Alikuwa na homa ya malaria, akameza vidonge vyake na maji kata nzima, kwa sababu alikuwa na kiu.

Tekla aliposikia kwamba rafiki yake anahara damu, alikwenda kwao mbio. Siwema alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Alijaribu kusema jina la Tekla, lakini sauti haikutoka. Mama yake alikuwa akimnywesha uji mwepesi wenye chumvi, kijiko kwa kijiko.

"Ni yule Maua," Mzee Lugembe, baba yake Siwema, alisema kwa hasira. "Mwanamke mvivu! Ametia maji ya kisimani kwenye mtungi wa dawa. Nimekwisha kumpelekea habari mwanangwa, mkuu wa kijiji, naye ananingoja zahanati. Lazima amfukuze."

Tekla alitoka nje. Miguu yake ilimpeleka zahanati bila yeye kujua. Kibarazani alimkuta mwanangwa ameketi kitini, dresa amesimama, na Bi Maua amekaa sakafuni na ukingo wa kanga mdomoni. Mzee Lugembe alifika nyuma yake.

"Mimi niliisugua tu kama nilivyoagizwa," Bi Maua alikuwa akisema. "Rangi ilitoka. Sikujua ni upi."

"Rangi ya ndani ya udongo haitoki," mwanangwa alimkatiza. "Dresa ametuambia sote. Kwa hiyo unasema uongo; ule wa buluu umeuvunja, ukaweka mwingine."

 Tekla angeweza kunyamaza. Hapo kibarazani hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Mama yake mwenyewe alikuwa bado Bukene. Lakini Bi Maua aliinua uso, akamtazama kama mtu anayetafuta shahidi, na Tekla akashindwa kuendelea kunyamaza.

"Bi Maua hasemi uongo," alisema.  "Mimi ndiye niliyesema uongo. Ule mtungi si wa udongo wa buluu. Wangu ulipasuka kwa sababu niliutoa juani. Unga ulikuwa umekwisha, nikaona haya. Nikapaka mtungi wa mama buluu ya kufulia, nikamwambia dresa rangi imo ndani."

 Dresa alisogea kwenye mtungi, akaukwaruza kwa ukucha chini ya shingo, mahali ambapo mchanga haukufika na buluu kidogo ilikuwa imebaki. Ilibanduka kama ganda la kidonda.

"Mwanangu angeweza kufa," Mzee Lugembe alisema polepole. Hakupiga kelele, na hilo lilimuuma Tekla kuliko kelele. "Bado hatujui kama atapona."

"Najua, baba," Tekla alisema, machozi yakimtiririka. "Nisamehe. Na wewe, Bi Maua, nisamehe."

Bi Maua alijifuta uso kwa kanga. Alisimama, akachukua ndoo yake, akaingia ndani kudeki.

Mwanangwa alimtazama dresa. Dresa Justus alifikiri kidogo, kisha akasema, "Mwanangwa, mtoto huyu amekosa sana. Lakini kama asingesema, tungemfukuza mtu asiye na kosa, na mtungi huu ungeendelea kutudanganya. Mimi pia nina kosa. Nilipaswa kuukwaruza siku ile ile. Tekla, kuanzia leo utaleta kuni za kuchemshia maji, na tutachemsha yote, ya kunywa na ya kunawa, mpaka tupate mtungi wa kweli."

"Nitaleta kuni," Tekla alisema. "Na mtungi nitautengeneza."

"Kwa unga gani?" dresa aliuliza. "Si umesema ulikwisha?"

 Tekla alikwenda kwa Bruda Wenceslaus, akamsimulia yote bila kujitetea. Bruda aliendelea kupanga vigae vyake.

"Mtungi uliopasuka ulikuwa umechomwa?" aliuliza hatimaye.

"Hapana, Bruda. Ulikuwa haujakauka vizuri."

"Basi unalia nini? Udongo ambao haujaingia motoni unarudi kuwa udongo ukiulowesha. Rangi yako haikwenda popote. Imo humo humo. Nenda kaokote."

Tekla alikimbia. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na nyuma ya banda la kuku vile vipande vilikuwa vimeyeyuka, vikawa bonge moja la tope la buluu lililojaa manyoya, mavi ya kuku na majani makavu. Alilikusanya lote kwa mikono, hata lile lililotiririka kwenye mtaro, akalitia ndani ya beseni.

Mama alirudi kutoka Bukene na kumkuta akichuja. Tekla alimweleza yaliyotokea. Mama aliketi kando ya beseni. "Mtungi wangu umeutumia kudanganyia watu," alisema. "Hilo limeniumiza. Lakini umelisema mwenyewe mbele ya watu, na sasa unachuja. Endelea kuchuja."

Kazi ilikuwa ngumu kuliko ya mwanzo. Kitambaa kiliziba kila mara. Asubuhi Tekla alipeleka kuni zahanati, mchana alikuwa shuleni, jioni alichuja. Manyoya yalitoka, lakini mchanga mdogo uling'ang'ania. Ndipo siku moja Bi Maua alipoingia uani kwao bila kubisha hodi, akamtupia kanga kuukuu.

"Hii imefuliwa mpaka imekuwa laini," alisema. "Ikunje mara mbili. Hicho kitambaa chako kina matundu makubwa."

"Ahsante, Bi Maua. Umenisamehe?"

"Chuja kwanza," Bi Maua alisema, akaketi kumshikia ncha moja ya kanga.

Siwema naye alipata nafuu. Siku alipoweza kutembea mpaka kwa akina Tekla, alikuwa amekonda, na Tekla alimtandikia mkeka. Siwema ndiye aliyeanza kusema. "Baba amenieleza. Nilikukasirikia sana. Bado nina hasira kidogo." Kisha akachukua uzi, akaukata udongo uliokandwa, akachungulia. "Hapa kuna mchirizi."

Tekla alikanda upya. Safari hii aliongeza unga wa vile vipande vyake vya majaribio, alivyovitwanga na kuvichekecha, ili mtungi upate nguvu ya kustahimili kukauka na moto. Alifinyanga kwa utulivu. Aliuweka ndani, kwenye kona isiyo na upepo, akaufunika kwa majani mabichi ya mgomba, na kila siku alifunua sehemu ndogo tu. Mara nyingi alitamani kuutoa nje. Badala yake alitoka yeye, akaenda kutafuta kuni.

Mvua zilipopumzika, Bruda aliwasha tanuri. Siku ya kulifungua, Tekla, mama yake na Siwema walisimama wakitazama vigae vikitolewa safu kwa safu. Mtungi ulikuwa nyuma kabisa. Bruda alipoutoa, ulikuwa buluu, ila upande mmoja ulikuwa na doa la kijivu ambapo moshi uliupiga, na mdomoni palikuwa pamemeguka kipande kidogo.

"Una doa," Siwema alisema.

"Acha liwepo," Tekla alijibu. "Sitalipaka kitu."

Waliupeleka zahanati. Mwanangwa alikuwepo, na Mzee Lugembe, na wagonjwa wa siku hiyo. Hakuna aliyeusifu. Wote walimtazama Bi Maua. Yeye alikunja mikono ya gauni lake, akachukua mchanga uliolowa na gunzi la mahindi, akaanza kusugua. Alisugua tumbo, akasugua shingo, akasugua kwa nguvu hadi jasho likamtoka, kama mtu mwenye deni na mtungi ule. Akamwaga maji. Maji yalitoka na rangi ya mchanga tu. Akapitisha kidole mahali palipomeguka mdomoni, akainama kuangalia. Udongo ulikuwa buluu hadi ndani.

"Huu ndio," alisema.

Bibi mmoja mwenye macho mabovu alikuwa amekaa karibu na mlango, vidonge mkononi. Mtungi ulipojazwa maji yaliyochemshwa na kuwekwa mahali pake, aliinuka mwenyewe. Alisimama kidogo, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaenda moja kwa moja kwenye ule wa buluu, akachota, akameza dawa yake.

"Wabeja," alimshukuru Tekla kwa Kinyamwezi, akarudi kukaa.

Mzee Lugembe alimwekea Tekla mkono begani, kisha akauondoa. Dresa Justus ndiye aliyesema, naye alisema ili watoto wote waliokuwa wakichungulia wasikie.

"Watoto, msije mkasahau. Tekla alipokosea katika udongo, alipoteza unga na jasho lake. Alipotudanganya, nusura tumpoteze Siwema, na Bi Maua nusura apoteze kazi yake bure. Mtu akishindwa na kazi, aseme nimeshindwa, nisaidieni. Hakuna aibu hapo. Bruda alikuwepo, mama yake alikuwepo, mimi nilikuwepo. Kazi iliyoharibika inaweza kuloweshwa na kuanzwa upya, kama alivyofanya. Lakini mgonjwa anayekunywa maji anatuamini sisi tuliomwekea. Hana njia ya kuhakikisha. Kwa hiyo lazima tulichomwambia kiwe kweli."

Alimgeukia Tekla. "Umesikia, binti?"

"Nimesikia, dresa."

"Haya. Sasa maji ya kunawa yamekwisha."

Tekla alichukua ndoo. Bi Maua alichukua ya pili, na wote wawili wakashuka pamoja njia ya kisimani.